Tairi Nne za Gari la Karambi

Ripoti ya trafiki ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Inspekta Medius Biira aliisoma akiwa amesimama mvuani, karatasi mkono mmoja, mwavuli mkono mwingine, mbele ya gari lenyewe.

"Mwendo kasi," iliandikwa. "Dereva alikuwa ametoka kilioni na inaaminika alikuwa amelewa. Breki nzima. Usukani mzima. Tairi nzuri, meno marefu."

Gari la wagonjwa la kituo cha afya cha milimani Karambi lilikuwa limewekwa nyuma ya polisi ya Bwera, paa limebonyea mpaka kwenye viti. Jumatatu saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, liliteleza kwenye kona ya mteremko, likabiringika mara tatu na kusimama kwenye shamba la kahawa. Ndani mlikuwa na watu watatu. Alisi, mwanamke wa miaka ishirini na sita aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, alikufa papo hapo, na mtoto wake tumboni. Mkunga Feresita alikufa wakati wakimpandisha barabarani. Dereva, Bwambale, alitolewa na mguu uliovunjika mahali pawili, na leo Alhamisi alikuwa hospitalini, mkono umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda.

"Nani alikwambia alikuwa amelewa?" Medius aliuliza.

Koplo Fred, aliyeandika ripoti, alikuwa amejibanza chini ya ukingo wa paa. "Msimamizi wa magari wa kituo, afande. Nobert. Alikuja mwenyewe siku ile ile, akaandika maelezo. Alisema Bwambale alitoka kumzika baba yake Jumapili, na huko kilioni watu walikunywa."

"Daktari alimpima?"

"Hapana, afande. Alikuwa anatoka damu."

"Kwa hiyo hujui."

Medius alimpa Fred mwavuli na ripoti, akapiga magoti kwenye matope. Kabla ya kuhamia upelelezi alikuwa amekagua magari kwa miaka sita barabara ya Kasese, mwanamke peke yake kati ya wanaume, na alikuwa amezoea kuanzia chini kwenda juu. Alishika tairi ya mbele kushoto kwa mikono miwili.

Kwa mbali ilikuwa tairi nzuri kweli. Nyeusi, imepakwa dawa ya kung'arisha, mifereji imeingia ndani. Alichomeka kidole kwenye mfereji na kukipitisha taratibu. Kingo zilikuwa kali kama ukingo wa kopo lililokatwa. Mahali pengine mfereji ulikwenda chini, mahali pengine ulipanda, kama mtu aliyelima matuta huku anasinzia. Alitafuta vile vigingi vidogo vya mpira ambavyo kiwanda huacha ndani ya mfereji ili ujue tairi imekwisha. Havikuwepo. Vilikuwa vimekatwa pamoja na kila kitu. Ncha ya waya ilimchoma kidole.

"Fred, njoo hapa. Piga magoti."

"Suruali, afande."

"Piga magoti."

Alipiga magoti.

"Weka kidole. Unasikia nini?"

Fred alipapasa, akarudisha mkono haraka. "Waya."

"Tairi mpya ina waya juu?"

"Hapana, afande."

"Hii ilikuwa kipara. Mtu amechukua chuma cha moto akaichonga meno mapya juu ya mpira uliokwisha. Sasa bonyeza kwa ukucha. Inabonyea? Haibonyei. Imekauka kama kisigino cha kiatu. Kwenye lami yenye maji hii haishiki kitu. Sasa soma hapa ubavuni, tarakimu nne za mwisho."

Fred alipangusa matope. "Tatu, moja, sifuri, tano."

"Wiki ya thelathini na moja, mwaka elfu mbili na tano. Leo ni mwaka gani?"

"Elfu mbili na kumi na nne."

"Miaka tisa. Na wewe umeandika tairi nzuri, meno marefu." Hakupandisha sauti. Fred aliendelea kupangusa matope ubavuni, ingawa tarakimu zilishaonekana.

Tairi zote nne zilikuwa hivyo hivyo. Lakini kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo Medius hakulielewa. Rimu zilikuwa zimevimba kutu, na katika mkunjo wa ndani, mahali ambapo mvua haifiki, palikuwa na ukoko mweupe. Aliukwangua kwa ufunguo, akautia ncha ya ulimi. Chumvi.

Karambi ni mlimani. Watu wanalima kahawa na mihogo. Gari la wagonjwa lingepata wapi chumvi?

"OC wa kituo anataka faili kesho saa tatu," Fred alisema kwa upole. "Na yule mume wa marehemu Alisi amekuja tena leo. Maate. Anakaa pale getini kila asubuhi, anauliza dereva atanyongwa lini."

"Nimemwona," Medius alisema.

*

Bwambale alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini na kitu, na maumivu yalikuwa yamemfanya aonekane mdogo kitandani. Alimwona Medius akasogeza mkono wenye pingu, kama mtu anayetaka kusimama kwa heshima.

"Kaa hivyo hivyo," Medius alisema. "Nataka kujua habari za tairi."

"Tairi?" Macho yake yaliamka. "Tairi zilikuwa mpya, afande. Mimi mwenyewe nilichagua. Mwezi wa tatu, kwa Zubairi, Kasese."

"Nieleze ulivyochagua. Polepole."

"Tulikwenda mimi na Nobert. Yeye alitaka zile za matope, za meno makubwa. Nikamwambia hapana. Sisi tuna mlima, ndiyo, tuna udongo, tuna mawe. Lakini tukishuka tunaingia lami mpaka hospitali. Ile ya matope kwenye lami ikilowa inateleza, na mgonjwa anatetemeshwa njia nzima. Mama mwenye uchungu huwezi kumtetemesha hivyo. Nikasema tuchukue ya njia zote. Katikati meno yamekaribiana, inashika lami. Pembeni imeachia nafasi, inatema udongo. Na ubavu uwe mgumu, kwa sababu mawe yetu yanakata ubavu, hayakati chini. Nilikaa pale dukani saa mbili nzima. Zubairi alichoka na mimi."

"Na Nobert?"

"Tulibishana. Alikasirika. Mwisho akakubali."

"Zilifanya kazi?"

"Mwezi na nusu, hata siku moja sikuteleza. Feresita alikuwa anasema sasa anaweza kulala ndani ya gari." Alivuta shuka kwa mkono ulio huru. "Halafu baba yangu akafa. Alhamisi niliacha ufunguo kwa Nobert, nikaenda kuzika. Nilirudi Jumapili jioni. Pombe sikunywa, afande. Mimi ni mlokole miaka kumi na tisa. Muulize mtu yeyote."

"Jumatatu uliona tairi zipo vipi?"

Hapo Bwambale aligeuza uso ukutani. "Sikuangalia."

"Sema tena."

"Kila asubuhi nazunguka gari. Miaka kumi na moja nazunguka. Nagusa tairi zote nne kwa mkono. Jumatatu nilifika, Alisi ameshapandishwa, Feresita ameshika mlango, ananiambia mtoto amekaa vibaya, twende. Nikapanda. Sikuzunguka." Pingu iligonga chuma. "Kwenye kona niligusa breki kidogo tu. Nilikuwa gia ya pili. Gari ikaenda yenyewe, kama imewekwa juu ya sabuni. Nikajua hii siyo tairi yangu. Nilijua tukiwa hewani, afande. Nimelala hapa siku nne nikijiambia nimekuwa mwendawazimu."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Medius alimwita askari aliyekaa mlangoni na kumwambia alete ufunguo wa pingu. Askari alisema amri ya pingu imetoka kwa OC.

"Ana chuma mguuni kutoka goti mpaka kisigino," Medius alisema. "Unadhani atakimbilia wapi?"

Askari alirudi kwenye kiti chake mlangoni. Amri ilikuwa amri. Medius alitoka nje, akapiga simu kwa OC, mkuu wa kituo, akaomba pingu zifunguliwe; OC alikataa, akamkumbusha faili, kesho saa tatu.

*

Njia nzima kwenda Kasese alijiambia mwenye kosa ni muuza tairi. Ilikuwa rahisi kuona: mtu anachukua rimu na tairi kuukuu za malori ya chumvi, anazichonga, anazing'arisha, anawauzia watu wa kijijini. Alishaona wezi wa namna hiyo. Alipoingia dukani hakusalimia. Aliweka simu yenye picha juu ya meza.

"Hizi ndizo uliwauzia watu wa Karambi?"

Zubairi alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi. Alitazama picha moja baada ya nyingine, kisha akavua miwani.

"Afande, uko kwenye duka langu. Umeingia bila salamu, na sasa unaniita mwuaji mbele ya wateja."

"Nimekuuliza swali."

"Na mimi najibu. Hii ni takataka. Mtu akileta hii hapa kwangu kujaza upepo, namfukuza, kwa sababu inaweza kupasuka ikamuua kijana wangu." Aligeuka kuelekea nyuma. "Hamidah, lete kadi za dhamana, mwezi wa tatu."

Binti yake alileta sanduku la viatu lililojaa kadi. Zubairi alitafuta, akachomoa nne zilizobanwa pamoja, akazitupa juu ya simu ya Medius.

"Kila tairi mpya ina namba yake ubavuni. Naziandika, maana ikiharibika mapema kampuni inanibadilishia. Soma. Nne, sita, moja, tatu. Imetengenezwa mwisho wa mwaka jana. Namba zote nne ziko hapo, na sahihi ya aliyezipokea."

Sahihi ilikuwa ya Nobert. Medius alisoma namba mara mbili.

"Nisamehe, mzee," alisema. "Nimekosea."

Zubairi alivaa miwani yake tena, hasira bado usoni. "Watu wawili wamekufa. Mimi pia nilisikia redioni. Nilikaa nikijiuliza, yule dereva aliyekuwa anapapasa kila tairi dukani kama ananunua ng'ombe, ataangukaje?"

"Siku ile walibishana?"

"Sana. Dereva anataka ya njia zote, yule mwingine anataka ya matope. Dereva alikuwa na haki. Kwa barabara ile aliyoieleza, mimi ningechagua hiyo hiyo. Lakini yule mwingine alikuwa na maswali ya ajabu." Alikunja uso, akikumbuka. "Aliniuliza, 'Mzee, tairi hii itabeba tani moja na nusu kila siku?' Nikamwambia gari la wagonjwa linabeba watu wanne. Halafu akauliza kama maji ya chumvi yanaharibu mpira."

Medius aliacha kuandika. "Alisema maji ya chumvi?"

"Ndiyo. Nilimjibu, chumvi haili mpira, inakula rimu. Nikacheka, nikamwuliza, huko Karambi mmepata ziwa? Hakucheka."

"Nobert ana gari lake?"

"Hilo sijui. Lakini kama ni chumvi, afande, haina haja ya kuuliza dunia nzima. Chumvi hapa inatoka mahali pamoja."

*

Katwe, kwenye ziwa la chumvi, jua lilikuwa kali, kama vile Bwera na mvua yake zilikuwa nchi nyingine. Wanawake walikuwa wamesimama kwenye maji mpaka mapajani, wakikokota chumvi kutoka kwenye mabwawa yao madogo, na wanaume walipakia mafungu ya kijivu kwenye magari ufukweni. Medius aliuliza mara moja tu. Watu wote walijua pikapu ya Nobert wa Karambi. Ilikuwa ile Landkruza ya bluu, ya tatu kwenye mstari.

Dereva wake, Faruk, alikuwa amelala kivulini chini ya bodi. Alitoka akijikung'uta mchanga. Alikuwa mtu wa mpakani, aliyekulia Kasindi, upande wa Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Jambo, afande. Kuko shida?"

"Bado sijajua."

Medius hakumwonyesha kitambulisho wala picha. Alizunguka gari. Tairi zilikuwa za njia zote, meno ya katikati yamekaribiana, ya pembeni yameachiana, mpira bado laini chini ya ukucha. Rimu zilikuwa nyeupe, zimepakwa matope kwa mkono ili zisionekane, na chini ya matope palikuwa na herufi za kituo cha afya. Alitoa kadi za Zubairi akaanza kusoma namba ubavuni. Mbele kushoto, sawa. Mbele kulia, sawa. Nyuma zote mbili, sawa.

Alisimama, akabaki ameweka kiganja juu ya tairi ya nyuma. Ilikuwa ya moto kwa jua.

"Haya magurudumu yamekuja lini?"

"Ijumaa ile ilipita," Faruk alisema. "Bosi alikamata gari asubuhi, akasema anaenda nayo Karambi. Akarudisha mangaribi na hii. Miguu yote ine, na rimu yake. Mimi nikafurahi."

"Na yale ya zamani?"

"Nikauliza. Akasema ametupa."

"Yalikuwaje?"

Faruk alitema mate pembeni. "Ile? Ile iko kifo, afande. Ilikuwa kipara tangu mwaka jana, akaleta mutu wa kuchonga na chuma ya moto. Kwa macho iko kama mupya. Lakini mimi niko dereva. Mwezi wa ine, barabara ya Beni, mvua, gari ikanigeukia kabisa, ikaangalia kule nilitoka. Nikarudi, nikamupatia ufunguo. Nikamwambia, bosi, mimi siendeshe tena. Hii tairi itaua mutu."

"Ulimwambia maneno hayo hayo? Itaua mtu?"

"Maneno hayo. Na watu wa kupakia walisikia, uliza bale. Akasema vumilia, natafuta ingine. Nikakaa nyumbani juma mbili. Ndiyo akaleta hii."

Medius alimtazama. Faruk alikuwa bado hajaelewa. Alikuwa mtu aliyefurahi kwamba mara hii bosi wake alimsikiliza.

"Faruk, ulisikia habari ya gari la wagonjwa la Karambi?"

"Nilisikia. Mama na mutoto wake..." Alitazama tairi, akatazama kiganja cha Medius juu yake, akatazama herufi zilizotokeza chini ya matope. Kisha alichuchumaa, akashika kichwa, na kwa muda mrefu alisema neno moja tu, kwa Kikonzo, la kumwita mama yake.

Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. "Aliziweka kule? Ile nilikataa mimi, mwanaume, akaiweka kwa gari ya mama wa kuzaa?"

"Utaandika hivyo na kutia sahihi?"

"Lete karatasi."

*

Nobert aliwapokea ofisini kwake Karambi saa tisa alasiri. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na ukutani nyuma yake palikuwa na picha ya Feresita iliyozungushiwa utepe mweusi. Alimkaribisha Medius kiti, akamwambia Koplo Fred naye akae. Fred alibaki amesimama mlangoni.

"Tumepata pigo, afande," Nobert alisema. "Nilimwonya Bwambale mara nyingi. Mwendo, mwendo, mwendo."

"Nimekuja kumalizia maelezo yako. Bwambale aliondoka lini?"

"Alhamisi."

"Akaacha ufunguo kwa nani?"

"Kwangu. Ndiyo utaratibu."

"Mpaka Jumapili gari lilitoka?"

"Halikutoka. Lilikaa pale nje. Mimi mwenyewe nililikagua." Alifungua droo, akatoa fomu kwa haraka ya mtu aliyejiandaa. "Ijumaa, nimetia sahihi. Taa, breki, mafuta, tairi. Tairi nzuri."

"Hakuna mtu mwingine aliyeligusa?"

"Hakuna. Ufunguo wa geti pia ninao mimi."

Medius alichukua fomu, akampa Fred. Fred aliikunja vizuri na kuitia kwenye bahasha.

"Nobert, chumvi imefikaje kwenye rimu za gari la wagonjwa?"

"Chumvi gani?"

"Ya Katwe."

Nobert alicheka kidogo, na kicheko hakikufika mwisho. Medius aliweka kadi nne za Zubairi mezani, sahihi juu. Kando yake akaweka picha za pikapu ya bluu, namba za tairi zikisomeka. Kisha karatasi mbili za maelezo ya Faruk, na maelezo ya wapakiaji wawili chini yake. Aliziweka moja moja, bila kusema neno.

Nobert alisoma mpaka katikati ya ukurasa wa kwanza. Aliusukuma mbali.

"Ilikuwa siku chache tu," alisema.

"Eleza."

"Nilikuwa na mzigo wa Beni. Watu wanangoja. Faruk amekataa kazi. Na gari hili linakaa, afande. Linakaa siku nne, siku tano, halitoki, limevaa tairi mpya linaangalia mlima. Pikapu inatembea kila siku. Nikasema nitaazima, mzigo ufike, nirudishe. Nilikuwa nirudishe Jumanne."

"Uliambiwa zitaua mtu."

"Faruk ni mtu wa maneno mengi."

"Wewe ungezipanda? Ungempandisha mkeo humo, na mvua, ateremke ile kona?"

Nobert alifunga droo.

"Tangu siku ya kununua ulikuwa unanunulia barabara nyingine," Medius alisema. "Ulitaka za matope, za Kongo. Ukauliza habari za chumvi. Bwambale alisimama akapigania tairi za wagonjwa wake, wewe ukaona haidhuru, hizi pia zitafaa. Hilo ningeweza kuliita wizi. Baada ya hapo ukachukua kitu ambacho mwanaume mzima alikikataa, ukaking'arisha, ukakifunga chini ya mama mwenye uchungu. Na watu walipokufa, mwili wa Feresita haujapoa, ulikwenda polisi kuandika kwamba dereva alikuwa mlevi."

"Sikutaka mtu afe."

"Najua. Hukuwafikiria kabisa." Alisimama, na kiti kikaanguka nyuma yake. Hakukiokota. "Koplo Fred. Mfunge pingu."

Fred alimfunga. Alizibana pingu kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa, na Medius aliona, akamwambia alegeze. Fred alilegeza. Wakati wakitoka uani, wauguzi wawili walisimama kwenye varanda na beseni za nguo mikononi. Mmoja wao aliweka beseni chini, akamfuata Nobert mpaka kwenye gari, akamtazama usoni kwa karibu, kisha akarudi kazini.

Kabla hawajaondoka Medius alimpigia simu OC na kumsomea maelezo ya Faruk yote, neno kwa neno. Kisha OC alisema atamtuma mtu hospitalini sasa hivi na ufunguo.

"Mpigie Bwambale wewe mwenyewe umwambie," OC alisema.

Alipiga baada ya dakika kumi. Bwambale alisikiliza mpaka mwisho. Medius alisikia pingu zikifunguliwa, na askari akinong'ona pole.

"Maate anajua?" Bwambale aliuliza.

"Bado."

"Basi umeanza pabaya, afande. Mimi ningengoja. Yeye siku nne analala akijua mimi ndiye nilimuua mke wake."

*

Nyumba ya Maate ilikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha afya. Medius alimwacha Fred na mfungwa garini, akapanda peke yake. Alimkuta Maate anatoka shambani na jembe begani, matope mpaka magotini, na alipomwona mwanamke wa polisi alilishusha jembe na kulishika kwa mikono miwili.

"Anakwenda kortini kesho?" aliuliza. "Yule dereva?"

"Haendi. Si yeye."

Medius alimweleza pale pale waliposimama, kwa Kikonzo, bila kupunguza kitu. Tairi zilizochaguliwa, tairi zilizobadilishwa, aliyekataa kuzipanda, aliyezifunga. Alitaja jina mwishoni.

Maate alitazama kilima, mahali ambapo udongo wa kaburi ulikuwa bado mwekundu kati ya migomba. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya chini sana, na Medius alilazimika kusogea.

"Jana tulipomzika, mlima ulikuwa unateleza. Wabebaji waliogopa kuangusha jeneza. Huyo Nobert alivua viatu vyake, akasukuma mtu mmoja pembeni, akashika upande wa kichwa. Alibeba kutoka barabarani mpaka pale. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa nasema moyoni, Mungu ambariki huyu."

Alielekeza jembe kwenye mlango wa nyumba.

"Alikula hapa. Mama yangu alimnawisha miguu."

Aliliacha jembe lianguke, akaanza kuteremka kuelekea barabarani, ambako gari la polisi lilikuwa limesimama. Medius alimshika mkono. Alikuwa na nguvu, naye alikuwa na haki, na Medius alijua yote mawili. Alimshika kwa mikono yote miwili na hakumwachia.

"Niache nimwulize kitu kimoja," Maate alisema.

"Kitu gani?"

"Uzito. Nimwulize kama Alisi alikuwa mzito begani."

Medius hakumwachia. Walisimama hivyo njiani, wamekamatana, mpaka Fred, aliyewaona kutoka chini, alipowasha gari na kumwondoa mfungwa.